Pedi za kisigino na viatu vya kuongeza kimo: namna ya kuvaa ukatembea kama kawaida

Siku ya kwanza nilipovaa pedi za kisigino, zile kabari zinazotiwa ndani ya kiatu chini ya kisigino, nilikuwa na haraka ya kuwa mrefu. Nilichukua pedi za sentimita 5, nikazitia kwenye moka za ngozi zisizo na kamba, nikatoka. Nilipoanza kupanda ngazi kisigino cha kulia kilichomoka, kiatu kikabaki ngazi ya chini na mimi nikadaka ukuta. Jioni hiyo vidole vilikuwa vimebanana na mashavu ya miguu yamekaza kama kamba. Pedi zenyewe hazikuwa mbovu. Kosa lilikuwa langu: nilichagua sentimita kabla ya kuchagua kiatu, na wala sikuwa nimejiuliza nitatembeaje.

Nimezivaa miaka mingi tangu siku hiyo. Anayeanza leo ningependa alijue hili mapema: watu hawakugundui kwa kimo ulichoongeza, wanakugundua kwa mwendo. Mwenye sentimita 3 anayekanyaga sawasawa anaonekana mrefu, basi. Mwenye sentimita 8 anayetembea kama anashuka mlima kwenye sakafu tambarare anaonekana anaumwa miguu. Kwa hiyo kila hatua nitakayoieleza hapa, kuanzia kupima hadi kufunga kamba, inalinda mwendo kwanza.

Na usione haya. Wapanda farasi wa Uajemi walivaa visigino karne nyingi zilizopita ili mguu utulie kwenye kikuku cha tandiko. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alijulikana kwa visigino vyake virefu vyekundu. Katika mji wa Venice, Italia, karne ya 15 na ya 16, wanawake wa tabaka la juu walivaa viatu vyenye soli nene kupita kiasi, vingine vikikaribia nusu mita, na waliovaa vile virefu kabisa walihitaji mtu wa kuwashika mkono ili waweze kutembea. Hao wa Venice nawakumbuka kila ninapoona mtu akitafuta pedi za sentimita 9.

Kabla ya kununua chochote

Wako ambao hawapaswi kuanza bila kuongea na daktari. Mwenye kisukari kilichompotezea hisia kwenye nyayo ni wa kwanza, kwa sababu lengelenge dogo linaweza kugeuka kidonda bila yeye kusikia chochote. Wengine ni mwenye maumivu ya goti, kiuno au sehemu ya mbele ya unyayo, aliyewahi kuumia kano ya kisigino, anayeteguka kifundo cha mguu mara kwa mara, mjamzito, na mtu mzima ambaye tayari ana hofu ya kuanguka. Kama kidole gumba cha mguu kimelalia vidole vingine na mfupa wake umetokeza pembeni, pedi za kimo kikubwa zitakuongezea maumivu, maana zinausukuma uzito wote kuja mbele.

Wengi huchanganyikiwa wakisikia kwamba madaktari wenyewe hutoa pedi za kisigino. Ni kweli hutoa. Humpa mtu ambaye mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, na hapo pedi huwekwa upande mmoja tu. Huwapa pia wenye maumivu ya kano ya kisigino, kwa muda, ili kano ipumzike. Hayo ni matibabu, na kipimo chake hutolewa kwa mgonjwa husika. Wewe unayetafuta kimo, vaa miguu yote miwili, kimo kilekile, kila unapozivaa. Kamwe usivae mguu mmoja kwa kuwa pedi ya pili imepotea.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Pedi ya kisigino ni kabari inayowekwa ndani ya kiatu cha kawaida. Nyuma ni nene, mbele inaishia nyembamba. Kuna fupi inayokaa chini ya kisigino tu, na kuna ndefu inayotandazwa hadi kwenye vidole, mbele ikiwa nyembamba kama soli ya ndani ya kawaida. Viatu vya kuongeza kimo, kwa upande mwingine, vimejengwa na kabari hiyo ndani tangu kiwandani. Nje kiatu kinaonekana cha kawaida, lakini sakafu yake ya ndani iko juu sana kuliko unavyoweza kukisia, na ukuta wa nyuma umerefushwa ili ukishike kisigino kilichopanda.

Ipo na njia ya tatu ambayo watu huisahau, nayo mimi naiona ndiyo bora kuliko zote kwa sentimita zake: kiatu chenye soli nene sawasawa mbele na nyuma. Soli ya sentimita 3 toka vidoleni hadi kisiginoni inakuinua bila kuuinamisha mguu hata kidogo. Raba nyingi za siku hizi ziko hivyo, wala hakuna anayeuliza. Ukichukua raba ya namna hiyo ukaongeza pedi ya sentimita 2, umepata kimo kizuri na mguu uko karibu na hali yake ya kawaida.

Sasa aina za pedi. Za sponji ni nyepesi na rahisi kukata, ila zinabonyea kadiri zinavyokanyagwa. Za jeli hubonyea kidogo na hutuliza kishindo, lakini ni nzito, huleta joto na huteleza zikipata jasho. Zile za tabaka, zinazopachikana moja juu ya nyingine, zinafaa sana kwa anayeanza kwa sababu unaweza kuongeza kidogo kidogo. Kasoro yake ni kelele, nitairudia chini. Za koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, ni ngumu, hazipotezi kimo, na unaweza kuzisugua kwa msasa zikae unavyotaka. Na usimdharau fundi viatu. Fundi mzuri atakukatia kabari ya tabaka za ngozi au za mpira mgumu kwa kiatu chako hasa, na hiyo itakaa kwa utulivu ambao sijaupata kwenye pedi yoyote ya dukani.

Ukiishika pedi mkononi, iminye kwa kidole gumba. Ikizama hadi nusu, itazama zaidi chini ya uzito wa mwili mzima. Kisha angalia ncha yake ya mbele. Ikiwa imekatika ghafla kama ukingo wa ubao, itakuchoma kwenye tao la unyayo; iache. Upana wake nao uwe sawa na kisigino cha kiatu, kwa sababu pedi nyembamba huyumba kushoto na kulia, na kifundo cha mguu huyumba nayo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya sentimita za kweli

Hapa ndipo watu hudanganywa, au hujidanganya wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na kimo chako. Simama peku ukutani, visigino na mgongo vikigusa ukuta, weka kitabu kigumu kichwani kikiwa wima dhidi ya ukuta, piga alama. Pima saa ileile kila mara, kwa sababu mtu huwa mrefu zaidi asubuhi anapoamka kuliko jioni: pingili za uti wa mgongo hubanana kutwa, na tofauti inaweza kufika sentimita 1 au 2. Ukipima bila pedi jioni na ukapima na pedi asubuhi, utaisifu pedi kwa kazi iliyofanywa na usingizi.

Halafu vaa kiatu chenye pedi, simama palepale, piga alama ya pili. Utaona kwamba pedi ya sentimita 5 haikukupa 5 kamili. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kubonyea. Ya pili ni umbo la mguu: pedi inainua kisigino, lakini mifupa ya mguu imesimama juu ya kifundo, na kifundo kiko mbele kidogo ya kisigino. Kisigino kikipanda huku vidole vikibaki chini, kifundo hupanda pungufu ya kisigino. Kadiri kabari inavyokuwa nene ndivyo unavyopoteza zaidi.

Kwenye viatu vya kuongeza kimo hesabu ni nyingine. Muuzaji akisema "sentimita 10", mara nyingi amepima kutoka ardhini hadi mahali kisigino kinapokaa. Lakini kila kiatu kina kisigino. Kiatu cha kawaida cha ngozi cha kwenda kazini kina kama sentimita 2.5 tayari. Kwa hiyo ukiwa kando ya mwenzako aliyevaa kiatu cha kawaida, faida yako kwenye karatasi ni 7.5, na kwenye mwili ni chini ya hapo. Pima mwenyewe: ingiza rula ndani ya kiatu hadi iguse sakafu ya kisigino, weka alama ya kidole kwenye ukingo wa juu wa ukuta wa nyuma. Kisha weka rula ileile nje, kutoka ukingo huohuo hadi ardhini. Ukitoa kipimo cha ndani kwenye cha nje, unabaki na kimo cha kweli cha sakafu. Fanya hivyohivyo kwa kukadiria sehemu ya vidole. Tofauti kati ya nyuma na mbele ndiyo mteremko utakaouishi kutwa nzima.

Kuhusu mteremko huo, chukua mguu wenye umbali wa sentimita 18 kutoka kisiginoni hadi nyuma ya vidole. Kisigino kikizidi mbele kwa sentimita 3, mguu umeinama kwa digrii kama 10. Kwa 5 ni digrii 16. Kwa 8 ni 26, na hapo tayari unasimama kama aliyevaa kisigino kirefu cha kike, hata kama kiatu kwa nje ni cha mzee wa mahakamani. Ukumbuke pia mteremko ambao kiatu kinao chenyewe: raba ya kukimbilia mara nyingi nyuma imezidi mbele kwa kama sentimita 1 hata kabla hujaweka kitu.

Ushauri wangu kwa pedi ni usivuke tofauti ya sentimita 4 kwa jumla, kiatu na pedi vikiwa pamoja, kwa matumizi ya kila siku. Kinachozidi hapo ni cha harusi, picha, au jioni moja ya kukaa zaidi kuliko kutembea.

Hatua ya 3: Chagua kiatu kwanza, pedi baadaye

Kisigino kinaposhikwa na ukuta wa nyuma ndipo kiatu hukaa mguuni. Viatu vingi vifupi vina ukuta wa sentimita 6 hivi kutoka soli ya ndani. Ukiweka pedi ya 3, umebakiwa na 3, na mguu utachomoka kama ulivyochomoka wangu. Mimi sikubali zibaki pungufu ya 4.

Kwa hiyo moka na viatu vingine vya kutumbukiza mguu havifai. Vikilazimu, sentimita 1 inatosha. Viatu vya ngozi vya kamba hubeba 1.5 hadi 2. Raba fupi hubeba 2, na ukitoa soli yake ya ndani unaweza kupata nafasi ya nusu sentimita zaidi. Raba zinazofunika kifundo na buti za kamba ndizo rafiki wa kweli: hapo 3 au 4 zinakaa bila kiatu kulegea, na shingo ya buti inaficha kwamba kifundo kimepanda. Kama unavaa buti za kuvuta zisizo na kamba, jaribu sana kabla ya kutoka, kwa sababu mgongo wa unyayo hubanwa wakati kisigino kinaelea.

Uangalie na mbele. Kabari inauteremsha mguu uelekee kwenye vidole, kwa hiyo kiatu chenye ncha nyembamba kitavibana. Tafuta kilicho pana mbele. Watu wengi hukimbilia kununua namba kubwa zaidi, na mara nyingi wanakosea: kiatu kirefu kinaacha mguu uteleze mbele zaidi. Upana na kina ndivyo unavyovihitaji. Namba iongezwe nusu tu, pale ambapo vidole vinagusa ukuta wa mbele ukiwa umesimama.

Ukiwa unanunua viatu vya kuongeza kimo vilivyotengenezwa hivyo, vikunje mkononi. Vinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati ya tao. Vikikataa kukunjika kabisa, basi soli iwe imeinuka kidogo mbele, ili mguu ubiringike unapopiga hatua. Pima pia uzito kwa mikono miwili. Kiatu kizito kinaburuzwa, na anayeburuza miguu hujulikana kabla hajafika. Nunua pale wanapokubali kurudishiwa, uvijaribu ndani ya nyumba kwenye zulia kwa nusu saa, asubuhi na jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kutwa.

Hatua ya 4: Kuweka pedi ikae

Toa soli ya ndani ya kiatu ikiwa inatoka. Weka pedi chini kabisa, nyuma, iguse ukuta. Kisha rudisha soli ya ndani juu yake. Mpangilio huu unasaidia mambo mawili: soli inailainisha ncha ya mbele ya pedi, na ukivua kiatu mbele ya watu hakuna kinachoonekana. Soli ya ndani ikiwa nene hadi kiatu kibane, tumia nyingine nyembamba.

Pedi ndefu ikatwe kwa kufuata soli ya ndani ya zamani. Iweke juu yake, chora kwa kalamu, kata kidogo nje ya mstari, jaribu, kisha punguza. Ukikata sana mara moja haiunganiki tena.

Pedi isiposhika, weka utepe wa gundi wa pande mbili chini yake. Usitumie gundi ya maji ya viatu siku ya kwanza, maana bado hujui kama umeipenda sehemu hiyo. Pedi za tabaka zinazolia "kwiki, kwiki" kila hatua zinapona kwa poda kidogo ya kawaida kati ya tabaka na tabaka. Nyunyiza, futa inayozidi, pachika tena.

Kamba sasa, na hili tafadhali lifanye kwa makini kwani linaokoa mambo mengi. Raba nyingi zina tundu la ziada juu kabisa, karibu na kifundo, ambalo watu huliacha wazi. Pitisha kamba kwenye tundu hilo ukitoka nje kwenda ndani, upande uleule, ubakize kitanzi kidogo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Halafu vusha ncha ya kushoto uiingize kwenye kitanzi cha kulia, na ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Utasikia kisigino kikirudishwa nyuma na kutulia. Kabla ya kufunga, gonga kisigino sakafuni mara mbili ili mguu ukae nyuma ya kiatu. Ukifunga mguu ukiwa umeteleza mbele, umeufunga palepale vidole vinapobanwa.

Kama bado unateleza mbele, bandika kipande cha sponji chini ya ulimi wa kiatu. Kitauzuia mgongo wa unyayo. Soksi zisiwe za kuteleza, na zisiwe nene hadi zimalize nafasi uliyoitafuta kwa taabu.

Hatua ya 5: Wiki nne za kuzoea

Usiende kazini na pedi mpya siku ya kwanza. Wiki ya kwanza vaa sentimita 1 au 1.5, ndani ya nyumba, saa moja au mbili kwa siku. Tembea, simama, panda ngazi, shuka. Wiki ya pili toka nayo safari fupi. Wiki ya tatu vaa nusu siku. Wiki ya nne, kama hakuna kinachouma, ongeza sentimita nyingine na urudie taratibu ileile. Kuna faida ya pili katika kwenda polepole: wanaokuona kila siku hawaoni kimo kikipanda. Mtu aliyeruka sentimita 5 kati ya Ijumaa na Jumatatu ndiye anayeulizwa maswali.

Mwendo una makosa mawili makubwa. La kwanza ni kuinamia mbele. Kabari inapousukuma mwili mbele, mtu hukunja magoti kidogo na kutoa kifua ili asianguke. Jisahihishe ukutani: simama na viatu vyako, kisogo na makalio viguse ukuta, nyoosha magoti bila kuyakaza, kisha ondoka ukutani ukiwa na mkao huohuo. La pili ni kukanyaga na unyayo mzima kwa mpigo, pwaa, pwaa. Kisigino kianze, unyayo ufuate, vidole visukume. Fupisha hatua kidogo tu. Mtu akurekodi kwa simu ukitembea kwa upande, mara moja bila pedi na mara moja nazo, uzilinganishe picha mbili hizo. Mimi nilijifunza zaidi kwa video ya sekunde 20 kuliko kwa mwezi mzima wa kujitazama kwenye kioo, maana kwenye kioo mtu hujipanga.

Uwe mwangalifu kushuka ngazi, ambako kisigino kirefu hugonga ukingo wa ngazi kabla hujatarajia. Shika mkono wa ngazi. Sakafu yenye maji na barabara ya kokoto ni za kwenda taratibu. Kimbia tu pale ambapo huna budi, na michezo yote ifanywe kwa viatu vya kawaida. Unapoendesha gari, pedi hubadilisha namna mguu unavyozisikia breki na mafuta. Weka viatu vya kawaida garini uvibadilishe, gharama yake ni dakika moja.

Maumivu yanasema mambo tofauti. Mashavu ya miguu kuchoka siku za mwanzo ni kawaida, na hupungua. Kuungua chini ya vidole, ganzi, maumivu makali nyuma ya kisigino, au goti kuuma unaposhuka ngazi ni amri ya kupunguza kimo au kuacha. Usiyavumilie kwa kutumaini mguu utazoea.

Hatua ya 6: Kila jioni, rudishia mguu haki yake

Mguu unaokaa umeinuliwa kisigino kutwa nzima, kila siku, miaka kwa miaka, hubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake waliovaa visigino virefu kwa muda mrefu ulikuta nyuzi za misuli ya mashavu ya miguu yao zimefupika na kano ya kisigino imekuwa ngumu zaidi. Ndiyo maana wengine wao husikia maumivu wakivaa viatu bapa. Kisigino kikifichwa ndani ya kiatu, misuli haijui kwamba kimefichwa.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Ukifika nyumbani, vua, tembea peku. Kisha simama ukiutazama ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti la nyuma limenyooka na kisigino kimeganda sakafuni. Sogea mbele hadi usikie shavu la mguu linavutika. Hesabu sekunde 30. Sasa kunja kidogo goti hilohilo la nyuma, kisigino kikiwa bado chini, na mvutano utahamia chini karibu na kano. Sekunde 30 tena. Rudia mara tatu kila mguu. Toa pia siku mbili kwa wiki za viatu bapa kabisa. Ninajua ugumu wake kwa anayeogopa kuonekana mfupi siku hizo. Chagua siku za nyumbani.

Mavazi, na mahali pa kuvua viatu

Suruali ndiyo inayokamilisha au kuharibu kazi yote. Ukipanda sentimita 3 na suruali ileile, pindo linapanda nalo, soksi zinaonekana, na kiatu kizima kiko wazi kuchunguzwa. Nenda kwa fundi cherehani ukiwa umevaa viatu utakavyovitumia, ashushe pindo liguse mgongo wa kiatu na likaribie juu ya kisigino kwa nyuma. Suruali iliyonyooka inaficha vizuri kuliko ile inayobana kifundo. Rangi ya suruali ikikaribiana na ya kiatu, mguu unaonekana mrefu bila sentimita yoyote kuongezwa, kwa hiyo huenda ukagundua unahitaji pedi ndogo kuliko ulivyodhani.

Kuhusu kuvua viatu, amua mapema. Nyumbani kwa watu, kwenye ibada, kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, kimo kitashuka na watu watakuwepo. Sentimita 2 au 3 zikiondoka, karibu kila mtu aliyevua viatu ameshuka pamoja nawe, kwa kuwa na wao walikuwa na soli. Sentimita 8 zikiondoka, suruali inaburuta sakafuni na uso wako uko mahali pengine kabisa. Hii ni sababu nyingine ninayoshikilia kimo kidogo. Ziko pedi za kuvaliwa ndani ya soksi kwa ajili ya mahali kama hapo. Nimezijaribu, kisigino kinavimba chini ya soksi na mtu anatembea kwa hofu. Bora kushuka.

Na mahali ambapo kimo kinaandikwa, kama hospitali au fomu ya kitambulisho, vua, upimwe peku. Dozi nyingine za dawa hufuata vipimo vya mwili.

Kutunza

Toa pedi usiku ziwe kwenye hewa, kwa sababu jasho linalokaa chini yake huozesha soli ya ndani na kuleta harufu. Za jeli zioshe kwa sabuni na maji, uzikaushe kivulini. Kama una viatu vya aina tatu, nunua jozi tatu za pedi. Anayehamisha jozi moja kila asubuhi siku moja huzisahau na kufika kazini akiwa amefupika.

Kila mwezi pima unene wa kila pedi kwa rula, kushoto na kulia. Ya mguu unaoegemea zaidi hulika mapema, na tofauti ya milimita chache kati ya miguu miwili inatosha kuchosha kiuno. Moja ikiwa imelala kuliko mwenzake, tupa zote mbili na uanze na jozi mpya, hata kama ya pili bado inaonekana nzima.